Neva Inayokua Inajuaje Pa Kwenda?

Haya, habari zenu wote, asanteni kwa kuja. Mada ilivyoandikwa kwenye tangazo ni ndefu na inatisha kidogo, mimi nitaisema kifupi: seli ya neva ikiwa changa inatoa mkia mrefu, ule mkia lazima ufike sehemu fulani hasa na siyo jirani yake, na mwilini hakuna wa kuushika mkono, sasa unafikaje? Jibu ambalo wengi wenu mmeshalisikia ni kwamba kuna kemikali zinauvuta. Mimi naona jibu hilo linatudanganya. Kemikali haivuti kitu. Ipo tu pale, upande mmoja imekolea na upande mwingine imepungua, inayopima ni neva, inayoamua ni neva, na mara nyingine neva hiyohiyo inageuza uamuzi katikati ya safari wakati kemikali haijabadilika hata chembe. Nikifanikiwa kuwaonyesha hilo tu leo basi nimemaliza kazi.

Tuanze na umbo, maana bila umbo huko mbele mtanipotea. Ule mkia unaitwa aksoni. Kwa mtu mzima kuna aksoni zinatoka chini ya mgongo mpaka kwenye kidole cha mguu, kama mita moja hivi, na seli yenyewe ni kitu ambacho huwezi kukiona kwa macho. Kwenye ncha ya aksoni inayokua kuna kitu kama kiganja kimetandazwa, koni ya ukuaji, aliyeieleza kwanza ni Mhispania Santiago Ramón y Cajal mwaka 1890 akiangalia uti wa mgongo wa kiinitete cha kuku. Na hapa jamani mpeni heshima yake, yeye alikuwa anaangalia vipande vilivyokufa, vimepakwa rangi, havisogei, halafu akasema hiki kitu kilikuwa kinatembea, na miaka miwili baadaye akasema huenda kinafuata kemikali. Kukiona kikitembea kweli ilibidi tusubiri mpaka 1907, Ross Harrison alipochukua kipande cha kiinitete cha chura, akakiweka kwenye tone la limfu lililoganda, akakaa kwenye hadubini akaona nyuzi zinatoka na kurefuka mbele ya macho yake. Ndiyo mwanzo pia wa kukuza tishu nje ya mwili, lakini hiyo hadithi tuiache.

Ukiiangalia koni kwenye video iliyoharakishwa, kitu cha kwanza kinachokugusa ni kwamba haitulii. Upana wake ni kama maikromita 10, unywele wako ni mnene kuliko hapo mara kadhaa, na pembeni yake kuna vidole vyembamba sana, filopodia, vinachomoza, vinapapasa, vinarudi ndani, vingine vinadumu dakika chache tu vimekwisha. Ndani ya vidole kuna nyuzi za protini ya aktini, zinajengwa mbele huku nyuma zinavutwa kurudi katikati, kwa hiyo muda wote kuna mtiririko wa kurudi nyuma hata kama koni yenyewe haiendi popote. Kidole kikipata mahali pa kushika chini, mtiririko upande huo unapungua, nguvu iliyokuwa inapotea kurudisha aktini sasa inasukuma koni mbele, mikrotubuli, yaani zile nyuzi ngumu za katikati, zinaingia upande huo, na hapo ndipo panakuwa aksoni mpya. Upande wa pili unanywea. Kwa hiyo kukata kona kwa neva ni matokeo ya vidole vingi kupapasa, vichache vikashinda.

Sasa twende kwenye utamu wenyewe, upimaji. Fikiria uko gizani, kuna moto mahali, unanyoosha mikono yote miwili, unaohisi joto zaidi ndiyo unageukia huko. Koni inafanya hivyohivyo, inalinganisha upande na upande, ila mikono yake imeachana maikromita 10 basi. Tupige hesabu kidogo msiogope. Kemikali nyingi za aina hii zinafanya kazi zikiwa kidogo sana, tuseme nanomola moja kwa lita. Chukua kisanduku cha maikromita 10 kila upande, saizi ya koni, ukihesabu molekuli zilizomo ndani unapata kama 600. Mia sita jamani, siyo milioni. Na hazikai, zinarukaruka kila sehemu, ukihesabu sasa hivi 580, ukirudia baadaye kidogo 620, hiyo ni bahati nasibu tu, ndivyo molekuli zilivyo. Halafu mteremko ukiwa mdogo, tuseme tofauti ya asilimia 0.2 kutoka upande mmoja wa koni mpaka mwingine, hiyo ni molekuli moja na kidogo. Yaani kelele ni ishirini na kitu, ujumbe ni moja!

Watu walikuwa wanajua kwamba koni inageuka. Mwaka 1979 Gundersen na Barrett walileta pipeti yenye NGF, protini inayochochea neva kukua, karibu na neva za kifaranga zikageuka kuifuata ndani ya muda mfupi tu. NGF ndiyo ile iliyowapa Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen Nobeli ya 1986. Lakini pipeti inatoa mteremko mkali, na ukubwa wake hasa huujui vizuri, so swali la koni inaweza kusoma kidogo kiasi gani lilibaki. Mwaka 2004 William Rosoff, Jeffrey Urbach, Geoffrey Goodhill na wenzao wakaja na mbinu ambayo mimi naipenda sana kwa unyenyekevu wake: wakawa wanadondosha vitone vya NGF kwa mistari juu ya jeli ya kolajeni, kila mstari umekolea kuliko uliotangulia, vitone vinaenea kwenye jeli vinaungana na kutengeneza mteremko laini ambao kipimo chake wanakijua kwa sababu wameutengeneza wao. Kisha wakapandikiza mafundo ya neva za hisi humo ndani, wakasubiri, wakahesabu nyuzi ngapi zimetoka upande uliokolea na ngapi upande wa pili. Neva ziliitikia tofauti inayofika kama molekuli moja kwenye upana mzima wa koni. Ni ile hesabu yetu ya sasa hivi, kumbe inawezekana.

Inawezekanaje? Kwanza koni haitoi uamuzi kwa kipimo kimoja, ina vipokezi vingi usoni, kila kimoja kinashika molekuli kinaachia, kinashika kinaachia, na koni inajumlisha matokeo kwa muda, kelele zinafutana, ujumbe unabaki. Pili ndani kuna vikuzaji, tofauti ndogo kwenye vipokezi inazaa tofauti kubwa zaidi ya kalisiamu upande mmoja. Tatu, na hii iliwashangaza wengi, kwenye mteremko mdogo sana neva wala haihitaji kukata kona kwa nguvu, Goodhill na wenzake walionyesha baadaye kwamba inatosha aksoni inayoelekea kwenye ukolezi ikue haraka kidogo, na inayoelekea kinyume ikue polepole, mwisho wa siku kundi zima limeegemea upande sahihi bila mtu kugeuka ghafla.

Kuna jambo la ukolezi watu wanalisahau. Wengi wanadhani kemikali ikizidi neva inasoma vizuri zaidi. Hapana bana. Ikiwa kidogo mno vipokezi vingi viko tupu, huna data. Ikizidi mno vipokezi vyote vimejaa kushoto na kulia, tofauti haionekani tena. Pazuri ni katikati, pale ambapo kama nusu ya vipokezi vimeshika. Na kwa kuwa aksoni inapanda mteremko kila hatua, inatoka kwenye kidogo inaingia kwenye nyingi, lazima ijirekebishe njiani la sivyo itapofuka kabla ya kufika. Na inajirekebisha kweli. Maabara ya Mu-ming Poo walionyesha mwaka 2002 kwamba koni ikizamishwa kwenye kemikali inapoteza hisia kwa muda halafu inazipata tena kwa kiwango kipya, na ili izipate lazima itengeneze protini mpya. Ukizifuata koni hizo unaona njia yao imepindapinda kidogo, kulia, kushoto, kulia.

Nimesema itengeneze protini mpya, itengeneze wapi? Kiini cha seli kiko mbali, agizo lirudi huko na protini zisafirishwe zije, muda ungekuwa umekwisha. Mwaka 2001 Douglas Campbell na Christine Holt waliikata koni. Yaani aksoni imekatwa, ncha imebaki peke yake kwenye sahani bila seli yake, neva za jicho la chura. Wakaiwekea kemikali pembeni. Ikageuka! Wakaweka dawa inayozuia utengenezaji wa protini, haikugeuka tena. Ina maana koni inabeba nakala za RNA zake na vifaa vyake, inatengeneza protini palepale ndani ya dakika chache, na tafiti zilizofuata zikaonyesha kwenye mvuto protini ya aktini inatengenezwa zaidi upande ule unaokabili kemikali. Kwangu mimi hili ndilo jaribio linalomaliza ubishi wa nani anaamua.

Tukija kwenye kemikali zenyewe, zipo familia kadhaa, sitazipitia zote mtalala. Netrini ilipatikana 1994 na kundi la Marc Tessier-Lavigne, Tito Serafini na Tim Kennedy wakiwa mstari wa mbele, na ili waipate safi ya kutosha walisaga ubongo wa viinitete vya kuku kama 25,000. Walipoisoma wakakuta inafanana na protini ya mnyoo mdogo C. elegans ambayo watu wa jenetiki walikuwa wameshaijua, UNC-6, kwa hiyo mnyoo na kuku wanatumia kitu kilekile. Semaforini zilianza kujulikana kipindi hichohicho, maabara ya Jonathan Raper walikuta protini inayofanya koni isinyae ikiguswa. Halafu Sliti, tutairudia. Na efrini, ambazo zenyewe hazisafiri, zimebandikwa kwenye ngozi ya seli.

Efrini nitazisema kidogo kwa sababu ya Roger Sperry. Miaka ya 1940 alikuwa anakata neva ya jicho la mnyama kama chura, anageuza jicho nyuzi 180, anaacha neva iote upya, kwa wanyama hao neva ya jicho inaota. Ilipoota, mdudu akipita juu, chura anashambulia chini. Na hakujifunza kujirekebisha, muda ulivyokwenda alibaki hivyohivyo. Maana yake kila aksoni ilirudi kwenye anwani yake ya zamani kwenye ubongo bila kujali kwamba sasa jicho limepinduliwa. Mwaka 1963 Sperry akaandika wazi kwamba lazima kuna alama za kemikali, kwa mteremko. Wenzake wengi walimbishia. Friedrich Bonhoeffer huko Ujerumani akatandika mistari ya utando wa seli, mstari wa mbele ya ubongo, mstari wa nyuma, mbele, nyuma, aksoni za upande mmoja wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho, zikawa zinatembea kwenye mistari ya mbele tu na kukwepa ya nyuma. Mwaka 1995 zikapatikana efrini, kwenye ubongo ule zimepungua mbele na kukolea nyuma, na kwenye retina vipokezi vyake navyo viko kwa mteremko. Aksoni yenye vipokezi vingi inachukizwa mapema inasimama mbele, yenye vichache inavumilia inafika nyuma. Mteremko mmoja, kila aksoni inausoma kwa kadiri ya vipokezi vyake. Unaona tena tunarudi palepale?

Sasa lile la kugeuza uamuzi. Mwaka 1997 maabara ya Poo walichukua neva za chura, wakaweka pipeti ya netrini, koni zikaja. Wakaziba njia ya molekuli ndogo ya ndani inaitwa cAMP, koni zilezile, netrini ileile, zikakimbia. Mwaka uliofuata wakafanya kinyume, semaforini inayokimbiwa, wakapandisha cGMP, ndugu wa cAMP, ndani ya seli, neva zikaifuata. Kwa hiyo ukiniuliza netrini inavuta au inafukuza, nitakuuliza wewe kwanza, kwa neva gani, na ndani yake hali ikoje? Hata aina ya sakafu inayokanyagwa inageuza uamuzi: mwaka 1999 Holt na wenzake walikuta aksoni za retina zinazoifuata netrini zinaanza kuikimbia zikitembea juu ya laminini, protini inayotandazwa nje ya seli, kwa sababu laminini inashusha cAMP. Na siyo mchezo wa maabara tu, ndani ya jicho laminini iko juujuu ya retina, netrini iko kwenye tundu ambalo neva inatokea, hivyo inaelekea mchanganyiko huo unasaidia aksoni kuzama tunduni badala ya kuendelea kuzunguka juu.

Mfano mzuri kuliko yote ni mstari wa katikati ya mwili. Aksoni nyingi zinatoka upande mmoja wa uti wa mgongo zinavuka kwenda upande wa pili, ndiyo maana maumivu ya mkono wa kulia yanasomwa na ubongo wa kushoto. Zikikaribia katikati zinapaona pazuri, kuna netrini. Sawa, zikifika kwa nini zisikae hapohapo? Maana kama ni kuvutwa, wanaofika kwenye kinachowavuta hawaondoki. Ila katikati pana Sliti pia, ambayo inafukuza, na kabla ya kuvuka aksoni haiisikii kwa sababu imeficha kipokezi chake, Robo. Kwa nzi kuna protini inaitwa Comm inayozuia Robo isifike usoni mwa koni. Ikishavuka, Comm inazimwa, Robo inatoka nje, sasa pale palipokuwa pazuri pamekuwa pachungu na aksoni haigeuki nyuma. Nzi ambaye Robo yake imeharibika aksoni zake zinavuka, zinarudi, zinavuka tena, zinazunguka tu palepale. Sisi wenye uti wa mgongo hatuna Comm ya namna hiyo, kazi inayofanana inafanywa na ndugu wa Robo anayeitwa ROBO3.

Na binadamu wenye hitilafu hizo wapo. Mwaka 2004 ilionekana kwamba watu wenye ROBO3 iliyoharibika hawawezi kuzungusha macho kushoto na kulia, wanageuza kichwa kizima, na mgongo wao unapinda kadiri wanavyokua, aksoni zilizotakiwa kuvuka kwenye shina la ubongo hazikuvuka. Mwaka 2010 ikaja DCC, kipokezi cha netrini: mtu akikunja vidole vya mkono wa kulia vya kushoto navyo vinajikunja, hataki lakini vinajikunja, mwandiko ni shida, kufunga vifungo ni shida. Herufi chache za jeni zimekosewa, na mkono wa pili hautulii.

Naona kuna mtu amenyoosha mkono muda mrefu, nadhani najua atauliza nini. Ndiyo, 2017 vitabu vilitikiswa. Kwa miaka zaidi ya ishirini picha ilikuwa netrini inatoka kwenye sakafu ya uti wa mgongo, inasambaa, aksoni zinaifuata toka mbali. Maabara mbili wakaondoa netrini kwenye ile sakafu tu, kwa panya, na aksoni nyingi zikavuka kama kawaida. Netrini muhimu kumbe inatengenezwa na seli za pembeni njiani, inabandikwa kwenye kingo, aksoni zinaitambaa. Baadaye wengine wakaonyesha kwamba ya kwenye sakafu nayo ina mchango wake, kwa hiyo siyo kwamba picha ya zamani yote ni ya kutupa. Mimi msimamo wangu ni huu, tulizoea mno kuchora mteremko kama wingu zuri linaloenea kwenye maji wakati ndani ya kiinitete kila kitu kinanata kwenye kila kitu, na koni yenye vidole vinavyopapasa ina kila sababu ya kusoma kilichobandikwa chini kuliko kinachoelea.

Swali la mwisho, la dada pale nyuma, kama mgongo umekatika kwa nini tusiweke kemikali tuelekeze neva zirudi. Wameshajaribu dada yangu. Neva za mikono na miguu zinaota zenyewe kama milimita moja kwa siku, za uti wa mgongo zinakwama, kuna kovu na kuna protini kama Nogo zinazozuia. Kundi la Mark Tuszynski mwaka 2009 walichukua panya wenye uti wa mgongo uliojeruhiwa, wakafanya kituo ambacho aksoni za hisi zilitakiwa kufika kitoe NT-3 nyingi, protini ya jamii ya NGF, na aksoni zikaota zikapita jeraha zikafika kituoni. Walipoiweka NT-3 sehemu isiyo yake, zilikwenda huko kusiko kwake. Zilizofika pazuri ziliunga hadi sinapsi na seli za pale, ukiziangalia kwenye hadubini ziko sawa. Wakapima umeme, hakuna kitu kilichopita. Aksoni hazikuwa na myelini, lile ganda la mafuta linaloharakisha ishara, na wao wenyewe walidhani huenda ndiyo sababu.